Chelewa, Bingwa Asiyegeuka Nyuma

Ndugu, majirani na wanariadha mliofika, kaeni vizuri, maana mbio za huyu dada hazisimuliwi kinyonge.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya fundi cherehani, kifungua mimba. Mkunga alikuwa ameshamngoja mpaka akachoka. Mama akasema, "Huyu kaanza kuchelewa tangu tumboni." Jina la Chelewa likamganda, na baadaye magazeti ya ng'ambo yakaliandika kwa herufi kubwa, yakidhani ni la ukoo.

Shule ya msingi alianza mwaka 1968. Alikuwa akilala mpaka kengele ya kwanza isikike, ndipo aruke kitandani. Kengele ya pili ikilia, yuko kwenye dawati, viatu mkononi. Walimu walimwonya: chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Yeye mwana alimkuta kila siku! Mdogo wake wa kiume, aliyeitoroka shule mapema na ndiye mnayemsikia sasa, aliwahi kumshinda mbio. Ni kweli tupu, mbele ya mashahidi. Ila siku hiyo dada alikuwa na ndoo ya maji kichwani.

Mwaka 1980 alichukuliwa timu ya taifa. Mita mia alikimbia, mia mbili akakimbia, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mbio za kupokezana vijiti, na kocha alimweka wa mwisho. Sheria ya kocha ilikuwa moja: anayepokea hageuki. Ananyoosha mkono nyuma, akisikia "Shika!" anafunga vidole. Wa kumpa kijiti alikuwa Shoti, mfupi wa kimo, mrefu wa mdomo. Hawa wawili walikuwa paka na panya. Kwenye fainali ya mwaka 1982, Chelewa hakumwamini mwenzake, akageuza shingo. Kijiti kikaanguka, kikabiringika hadi miguuni kwa mpiga picha.

"Ulikuwa unatafuta nini nyuma?" Shoti alimfokea kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Naangalia kama unacho kijiti!"

"Ninacho! Wewe ndiye huna mkono!"

Kocha akawakata maneno: "Mkirudia tena, mnatoka timu wote wawili. Sitaki kujua nani kaanza."

Basi dada akaanza kuufundisha mkono wake imani. Nyumbani alikuwa akitembea mkono wa kushoto uko nyuma, na yeyote aliye na kitu ampe. Alipewa vijiko, akapewa sabuni, na siku moja mdogo wake huyu akamwekea chura. Hakugeuka! Alimpokea yule chura, akakimbia naye mpaka mlangoni, ndipo akapiga yowe mtaa mzima ukatoka nje.

Ndoa yake nayo ilitokana na mkono huohuo. Alikuwa dukani kwa mwokaji mikate, ameupa mgongo mlango wa jikoni, mkono nyuma kama kawaida. Mwokaji akatokea na mkate wa moto, akauona mkono, akauwekea mkate. Dada akafunga vidole, akatimka. Yule bwana alimkimbiza hadi kona ya tatu akaishiwa pumzi. Alipoona hawezi kumkamata, shemeji yetu akaamua kumuoa. Walifunga ndoa tarehe 11 Agosti 1984.

Fainali ya mwaka 1986 ndiyo hiyo mnayoijua. Shoti alikuja amebanwa katikati ya watu wawili, kachelewa. Dada ameshaanza kukimbia, mkono uko nyuma, mstari wa mwisho wa kupokelea unakuja, na sauti haijaja. Sisi tuliokuwa tukisikiliza redioni tuliacha kupumua. Akigeuka, kwisha kazi. Hakugeuka! "Shika!" Kijiti kikatua, naye akachomoka kama risasi akashinda kwa kifua. Dhahabu, jamani, dhahabu! Kijiti chenyewe kocha alimpa, na hadi leo shemeji anakitumia kusukumia unga.

Alipostaafu mbio alifundisha riadha shule ya sekondari hadi mwaka 2021. Mwanafunzi aliyegeuka alifagia uwanja. Ulikuwa uwanja safi sana.

Tarehe 9 Novemba 2024 alipatwa na kiharusi. Kikamchukua upande wa kulia na maneno yote. Hospitalini alilala ameelekea ukutani, mkono wa kushoto kaunyoosha nyuma. Muuguzi akadhani ni maumivu, akawa anaurudisha ndani ya blanketi. Shoti alipofika akacheka huku machozi yanamtoka. "Mwacheni huyo, anangoja kijiti." Kikaletwa kutoka jikoni, kina unga bado. "Shika!" Vidole vikafunga.

Mkimbiaji wa mwisho hana wa kumpa kijiti. Lakini asubuhi ya tarehe 3 Februari 2025 binti yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amempa mgongo, anakunja nguo, akahisi kitu cha baridi kinamgusa kiwiko. Hakuna aliyesema "Shika." Binti akanyoosha mkono nyuma, akapokea. Analia, na hakugeuka mpaka mama alipoachia.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, wajukuu wawili wanaochelewa shule, mdogo wake mmoja asiyeshindika, na Shoti, ambaye tumeshamhesabu ni ndugu.

Apumzike kwa amani dada yetu. Na kwa leo tu, kocha amruhusu ageuke, atuone tulivyojaa.