Mgeni Aliyefika Saa Tano

Wale wa msikitini, asalaam aleykum. Wale wa kanisani, Bwana asifiwe. Na wale ambao hamkutaka nisimame hapa mbele leo, nawasalimu mara mbili, kwa sababu mna haki. Wazee wangu, shikamooni. Katibu ameniambia nisizidishe robo saa. Nitajitahidi, ingawa mnanijua.

Ndugu zangu, chama chetu hiki ni cha kuzikana. Humu kuna Wazigua, kuna Wasambaa, na tupo sisi ambao babu zetu waliletwa kukata mkonge wakasahau njia ya kurudi. Kinachotuunganisha ni jembe, sufuria na mkeka. Anapofiwa mmoja wetu, wanaume wanachimba, akina mama wanapika, na hakuna anayeuliza marehemu alikuwa anasali wapi. Mimi nimekaa karibu mwaka mzima sijachimba. Katibu akisoma majina, likifika langu, panakuwa kimya. Nimekuja kuwaeleza ilikuwaje, kisha mtaamua wenyewe. Jina la mtu sitalitaja. Ila jirani yako akikutazama sana, hilo siwezi kulizuia.

Mnalijua lile bwawa la zamani, lililochimbwa enzi za shamba la mkonge kwa ajili ya maji ya kiwanda. Kiwanda kilikufa, maji yakabaki. Mamba wako kule mtoni. Bwawani kuna kambale na vyura tu, tena vyura wenyewe wavivu.

Mimi kabla ya kurudi hapa Hale nilikuwa seremala Tanga mjini, kwenye karakana ya mashua. Wateja wetu walikuwa na vimashua vidogo vya tanga, vya kukaa mtu mmoja au wawili, na kila mwisho wa wiki walishindana. Kazi yangu ilikuwa kuziba nyufa na kushika kamba. Lakini macho hayana bosi, nikawa naangalia. Kilichonishangaza ni sheria yao moja: vimashua vyote vifanane. Urefu mmoja, uzito mmoja, tanga moja, ili anayeshinda awe mtu mwenyewe na si mali yake. Nikasema moyoni, jambo hili nitalipeleka kwetu.

Niliporudi nikaunda vimashua sita vya plaiwudi, pacha watupu. Nikapata wanafunzi kumi na mmoja. Msicheke, mkubwa wao ni mama mmoja muuza vitumbua mwenye wajukuu. Na alikuwepo dada mmoja mshonaji, kwao Mashewa, cherehani yake iko pale stendi. Yeye ndiye aliyetushonea matanga yote sita kwa turubai, na hakuna mshono hata mmoja uliowahi kufumuka. Kumbukeni hilo, nitalirudia kwa aibu.

Sijui kama mmewahi kuona mtu akibebwa na kitu asichokiona. Siku ya kwanza dada yule aliingia kwenye kimashua, akavuta kamba kama nilivyomwambia. Tanga likajaa, kimashua kikatetemeka kidogo, kikaondoka. Hakuna injini, hakuna kasia. Akapiga kelele, "Mwalimu, kinakwenda! Kinakwenda chenyewe!" Watu waliokuwa wanakata majani ya ng'ombe ng'ambo wakasimama na mapanga mikononi. Mimi niliyeona mashua maisha yangu yote nilivua kofia. Hadi leo sijazoea, na namwomba Mungu nisizoee.

Basi tukapanga mashindano ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Kwanza niliusoma upepo. Miezi mitatu nilifunga nyuzi za mkonge kwenye mti pale ukingoni, nikawa naandika kwenye daftari. Na upepo wa msimu ule, jamani, ulikuwa kama mfanyakazi wa zamu. Saa tano asubuhi unaripoti. Saa nane mchana, mawingu yakishakaa juu ya milima ya Usambara, unaondoka. Karibu kila siku. Nilikuwa nikisoma daftari lile nasikia vinyweleo vinasimama. Nani aliupangia?

Nilijua yote hayo. Sasa sikilizeni mtu anayejua alivyofanya.

Nilisema shughuli bila mgeni rasmi ni shughuli gani? Nikamwalika mkubwa mmoja, kadi ikasema saa nne. Tukasimamisha tenti. Tukaazima makochi sebuleni kwa jirani, na vitambaa vyake. Tukaleta spika na mshereheshaji. Saa nne ikafika, mgeni hayupo. Nikapiga simu, nikaambiwa yuko njiani. Njiani tunaijua sote.

Saa tano upepo ukafika. Nyuzi zangu zikanyooka, vimashua vikaanza kuvuta kamba kama mbuzi waliosikia jirani amefungua boma. Wanafunzi wakaja wote. "Mwalimu, upepo ndiyo huu." Nikawaambia, "Hatuwezi kuanza kabla ya mgeni rasmi. Tutaonekana hatuna adabu." Saa sita wakaja tena. Saa saba wakaja tena. Kulikuwa na mzee mmoja amekaa juu ya dumu pale ukingoni, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, fimbo mkononi. Alikuwa baba yake yule dada mshonaji. Alitoka Mashewa kwa bodaboda, na miguu yake ile inayomsumbua, aje aone mwanawe akipanda kimashua. Akaniuliza, "Mwanangu anaingia saa ngapi?" Nikamjibu, "Bado kidogo, mzee." Nilimjibu hivyo mara tatu.

Mgeni akafika saa nane na nusu. Tukatambulishana kuanzia meza kuu hadi wapishi. Risala ikasomwa. Hotuba ikatolewa. Saa tisa na robo mgeni akapuliza filimbi, na vimashua sita vikakaa juu ya maji vimetulia kama ndala mlangoni mwa msikiti. Kimoja kikaanza kurudi nyuma polepole. Mshereheshaji akasema, "Jamani, wasukumeni hao!" Bwawa zima likaangua kicheko. Mgeni akaangalia saa yake, akaaga.

Ndugu zangu, kuchekwa si dhambi. Dhambi ni nilichofanya baadaye. Dada yule alitoka majini amelowa hadi kiunoni, akanijia, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, tungeanza saa tano." Alisema kweli tupu. Mimi nilikuwa na kipaza sauti mkononi, na kilikuwa hakijazimwa. Nikamwambia, "Nyamaza! Matanga yako ndiyo mabovu. Wewe ndiye uliyeniharibia shughuli!" Spika zote mbili zikalitoa neno hilo, likavuka maji, likarudi. Nilimwona yule mzee akiinuka juu ya dumu, akajikung'uta kanzu. Wakaondoka pamoja.

Jumapili hakuja mtu. Nikavipindua vimashua, nikafungia kila kitu stoo, ufunguo nikautia mfukoni.

Baada ya hapo jina langu likawa Bado Kidogo. Nikipita sokoni, "Bado Kidogo, hujambo?" Kama ni ninyi mliokuwa mnaniita, nimewasamehe, na kweli lilinifaa. Nikaanza kupita njia za nyuma. Msiba wa kwanza nilisema naumwa. Wa pili nilisema nimesafiri. Wa tatu sikusema kitu. Aibu ukiipa kiti, inaomba na kitanda.

Kisha mvua za masika zikaja, na mzee wa Mashewa akafariki. Gari lenu lilipita mlangoni kwangu asubuhi. Nilisikia majembe yanagongana nyuma, nilisikia sauti zenu. Nilijua mnakwenda kumzika nani. Nilikaa nyuma ya mlango, kwenye kigoda, hadi gari lisisikike tena. Mke wangu alinitazama, akatoka nje. Hapo ndipo nilipofika chini kabisa. Chini ya hapo sijui kuna nini.

Ilipopita arobaini, mchana mmoja nikasikia hodi. Nikakimbilia chumbani. Mke wangu, Mungu ambariki, akajibu kwa sauti kubwa, "Karibu, yupo, amejificha." Nikatoka. Alikuwa yule dada.

"Shikamoo, mwalimu."

Nikaitikia marahaba. Akasema, "Nimekuja kuchukua ufunguo wa stoo. Tunataka kufanya mashindano."

Nikaanza, "Baba yako..."

Akasema, "Baba hakukukasirikia. Alicheka njia nzima hadi bodaboda akasimama. Alisema, 'Mwalimu wako ana adabu ya kupita kiasi. Mgeni kafika saa tano, kila mtu kamwona, yeye hajamkaribisha hata kiti. Kakaa anamngoja wa saa nane.' Hata alipokuwa anaumwa alikuwa ananiuliza, 'Yule mgeni wenu mtampokea lini?'"

Nikamuuliza, "Na lile nililolisema kwenye spika?"

Akasema, "Lile liliniuma. Bado linaniuma. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, nikwambie nikiwa nakuangalia."

Nikamwomba radhi, na sikuona aibu kupiga magoti mbele ya mke wangu. Hakusema yameisha. Alisema, "Lete ufunguo kwanza."

Mashindano yakapangwa na yeye. Mimi alinipa filimbi tu. Kadi aliandika hivi: mashindano yataanza upepo ukifika, ukitukuta majini, karibu ukae. Akasema tumwalike mgeni yuleyule. Nilipinga sana. Akaniambia, "Hata yeye alichekwa siku ile, mwalimu."

Jumamosi ya mashindano, saa tatu na nusu asubuhi, mkubwa yule alifika. Hatukuwa na tenti wala makochi. Akapewa dumu, akakaa. Tukakaa wote pale ukingoni, mwenye dereva wake na mwenye baiskeli yake, tunatazama maji yaliyolala. Nyuzi za mkonge zimening'inia. Saa nne. Saa nne na nusu. Hakuna spika, hakuna risala, na watu walikuwa wanaongea kwa kunong'ona bila kuambiwa. Sijawahi kuona watu wa kwetu wamenyamaza hivyo pasipo maiti.

Saa tano kasoro matete ya ng'ambo yakainama. Maji ya upande ule yakabadilika rangi, yakakunjamana, na mikunjo ikawa inakuja kwetu, inakuja, hadi nyuzi za mkonge zikainuka. Mkubwa yule akasimama. Sijui nani alifuata, ila nilipogeuka ukingo mzima ulikuwa umesimama, kama tunavyosimama anapoingia mtu wa heshima. Ndugu zangu, niliogopa. Niliogopa kwa furaha. Nilikuwa nimeuandika upepo ule miezi mitatu, lakini sikuwahi kuuona ukipokewa.

"Mwalimu, filimbi!" dada yule akapiga kelele toka majini. Nilikuwa nimeisahau mdomoni.

Vikaondoka vyote sita, vimeinama upande mmoja. Kwenye boya la kwanza mama wa vitumbua akapinduka, akapanda juu ya kimashua chake na jaketi lake la kuelea, akatupungia mkono, akakiinua, akaendelea. Jumapili jioni hesabu ya pointi za siku mbili ilipopigwa, mshindi alikuwa yeye. Kwenye vimashua vinavyofanana, bibi mwenye wajukuu aliwashinda vijana wa bodaboda, na walimbeba mabegani. Dada mshonaji alikuwa wa tatu. Matanga yake yote sita hayakufumuka hata uzi.

Dada yule alipotoka majini nilimpa mkono apande ukingoni. Akaushika, akasema, "Yameisha, mwalimu." Wiki iliyofuata kaka yake alinipeleka kwenye kaburi la mzee. Niling'oa majani kwa mikono. Nilimwambia, "Mzee, mgeni wako tumempokea." Nilichelewa, lakini nilimwambia.

Sasa shukrani. Namshukuru mke wangu aliyekataa kunificha. Nawashukuru wanafunzi wangu waliorudi kwa mtu aliyewapotezea upepo. Namshukuru mkubwa yule, aliyetufundisha kuwa mgeni rasmi naye anaweza kungoja. Na wewe dada, uliyekaa pale na akina mama, sikutaji, ila wewe ndiye mwalimu.

Kama kuna funzo, ni hili. Tusikae tunamngoja anayekuja, tukamwacha amesimama aliyekwisha kufika. Yule mzee alifika bwawani mapema, nikamwambia bado kidogo. Alipokufa nikamwambia bado kidogo. Namwomba Mungu nisimwambie hivyo mtu mwingine yeyote.

Robo saa ya katibu imekwisha zamani, naiona sura yake. Nimalizie. Nimesikia kesho mnakwenda kuzika kule Kwedizinga. Sikuja kuomba kiti humu ndani. Baiskeli yangu iko hapo nje, na jembe nimelifunga nyuma yake tangu asubuhi. Mkinikataa nitarudi nalo nyumbani, sitanung'unika. Mkinikubali, niambieni tu gari linaondoka saa ngapi. Mtanikuta nimekwisha fika.