Mzee Amisi na Kiti cha Kushoto

Leo Jumamosi, tarehe 28 Juni 2025, Mzee Amisi Yusufu anaweka bisibisi chini baada ya miaka ishirini na sita ya kazi hapa Maison Paluku, duka la vifaa vya magari. Kabla sijaendelea, naomba msimtafute Shalom, fundi wetu. Kiti chake ni kitupu kwa sababu nzuri, na mimi nimeagizwa kusoma polepole. Mtaelewa mwishoni.

Mzee Amisi alitujia Machi 1999 kutoka mtaa wa Kamalondo, ambako alikuwa na meza ya kutengeneza redio. Bosi Paluku alikuwa na maboksi ya spika za magari na hakuwa na mtu wa kuzitofautisha. Wakati ule Bosi alichagua spika kwa kupima uzito wake mkononi, kama mtu anayenunua kabichi. Leo anakanusha, na sisi tunanyamaza kwa heshima.

Spika ya dashibodi ni kitu kidogo chenye maisha magumu. Jua la kioo cha mbele linaichoma mwaka mzima, vumbi la kiangazi linaingia, karatasi ya koni inapasuka. Mteja anakuja dukani anakuta aina kumi za kubadilisha, zote zimeandikwa kwenye boksi kwamba zina nguvu kuliko jirani zake. Mzee Amisi hakuwahi kuyasoma maboksi hayo. Alisema namba ya wati haijawahi kuimba.

Yeye alipima kwa sauti ya mtu. Muziki unaficha mengi, lakini mtu anayesoma hana pa kujificha. Alikuwa na kaseti ya baba yake mdogo akisoma majina ya wageni wa harusi, na kaseti ilipochoka, majina yakahamia kwenye fleshi. Wateja wa zamani wanaweza kuwataja wageni wote bila kukosea, na hawakula hata punje ya pilau ile.

Nisiposimulia kosa lake hatanisamehe, maana yeye mwenyewe hulisimulia kuliko mtu yeyote. Mwaka 2004 alishindanisha aina mbili, zenye pete nyekundu na zenye koni nyeusi. Kwenye dashibodi ya gari la duka alifunga nyekundu moja upande wa kulia na nyeusi moja upande wa kushoto. Kila aliyetaka aliendesha hadi Kasungami, pembezoni mwa mji, na kurudi, akisikiliza. Kwa wiki mbili wote tulisema nyekundu, nikiwamo mimi niliyekuwa na miezi mitatu kazini na maoni mengi. Tukazipanga mbele ya duka na tukaziuza kwa fahari.

Ndipo akaja Mama Chilufya, mwalimu, akataka ushindani ufanyike ndani ya gari lake mwenyewe. Zilifungwa vilevile, nyekundu kulia, nyeusi kushoto. Akasema nyeusi. Mzee Amisi alitabasamu kwa adabu, akaingia mwenyewe kwenye kiti cha dereva, akasikia nyeusi. Akahamia kiti cha pembeni, akasikia nyekundu. Akashuka, akautazama usukani wa gari lile, kisha wa gari la duka. Gari la duka lilikuwa na usukani kulia, kama mengi yanayotufikia kupitia Zambia. La Mama Chilufya lilikuwa na usukani kushoto. Wiki mbili nzima tulikuwa tumeipigia kura spika iliyokaribia goti la dereva.

Mwingine angefunga mdomo. Mzee Amisi alimwendea Bosi kabla ya chakula cha mchana, akaziondoa nyekundu mbele ya duka, akawaita wote waliozinunua. Alirudia ushindani na kila mmoja wao, safari hii akibadilisha pande na kumkalisha mteja viti vyote viwili. Nyeusi zikashinda, kwa sababu kila neno la baba mdogo lilisikika. Aliyetaka kubadilishiwa alibadilishiwa. Bosi alinuna siku tatu, lakini wateja hao wametuletea ndugu zao mpaka leo.

Tangu siku ile, swali lake la kwanza kwa mteja halihusu gari. Ni hili: "Nani anaikalaka pembeni yako?"

Mwansa, mfanyabiashara wa samaki, alidhani anadadisiwa mambo ya nyumbani. Alikuwa ametaka spika kubwa kuliko zote ili zishinde kelele za lori kwenye barabara ya Kilwa. Alipokubali kujibu kwamba pembeni yake hukaa mama yake mzazi, Mzee Amisi alimpa jozi ndogo iliyozibwa vizuri dhidi ya vumbi. Mwansa aliondoka akinung'unika. Masika yalipokwisha alirudi kusema mama yake anasikia kila neno, akaleta samaki waliokaushwa kwa karakana nzima, na mimi wa mapokezi sikusahauliwa.

Sasa, wahenga walisema mganga hajigangi. Mzee wetu ana Corolla ya usukani wa kulia, na spika yake ya kushoto ilikufa mwaka 2016. Kila alipokumbushwa alijibu kwamba juma lijalo, Mungu akipenda. Mwaka jana waliniokota njiani yeye na mkewe, Mama Ramla, wakienda shambani kwao Kasungami. Niliketi nyuma nikamwona Mama Ramla amejipinda kuelekea usukani ili asikie habari, kama mtu anayesikiliza ya jirani juu ya ua. Alikuwa amezoea hata hakujua kwamba amejipinda. Mimi iliniuma. Na sasa wanahamia Kasungami moja kwa moja, na kila juma watakuwa na safari ya kuja mjini, wao wawili tu.

Wiki mbili zilizopita Shalom aliazima Corolla kama ile, akapanga jozi tatu, akamwomba Mzee Amisi amchagulie mteja asiyeweza kufika. Mzee aliuliza maswali yake yote. Tulimjibu ukweli mtupu: mteja ana miaka sitini na moja, anastaafu, pembeni yake hukaa mke wake, na upande wa mke ni kimya kwa miaka tisa. Jina tu ndilo ambalo hakutuuliza.

Alifanya kazi asubuhi nzima. Alibadilisha pande, akakaa kulia, akakaa kushoto, akawasikiliza wageni wa harusi mara sijui ngapi. Kushoto alikaa zaidi. Akachagua jozi ya katikati, akamkabidhi Shalom, kisha akasema kwa hasira ambayo hatukuizoea:

"Uyu muzee alikuwaka wapi myaka yote ile? Bibi yake anaikala pale, hasikie kintu. Umuambie aone haya kidogo."

Shalom aliahidi kufikisha ujumbe. Mzee Amisi, ujumbe ndio huu unaufikia sasa, mbele ya watu. Muzee uyu ni weye.

Ufunguo tulipewa na Mama Ramla. Shalom yuko uani ndani ya gari lako, hajakata waya hata mmoja, kama ulivyomfundisha, na kwa mwendo huu wangu wa kusoma anapaswa kuwa anarudishia kifuniko. Spika ni zile ulizozichagua mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kumlalamikia.

Asante kwa masikio yako, kwa kosa ulilolitangaza mwenyewe, na kwa kutufundisha kukaa kiti cha mwenzetu kabla ya kusema tumesikia. Maisha yenu Kasungami yawe mema, mahindi yazae, na baraka ziwafuate. Leo mkiondoka hapa, washa redio na usiseme neno. Mwache Mama Ramla akae wima.

Kasoki Espérance, mapokezi