Shangazi Anastaafu, Tangi Bado Halina Samaki

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Shangazi atafunga droo ya mwisho ya meza yake na kukabidhi funguo. Atakuwa ameitumikia kliniki yetu ya masikio ya watoto kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Hesabu hii imehakikiwa mara mbili kwenye jalada lake, kwa sababu yeye mwenyewe husema thelathini, na akibishiwa hujibu, "Huo mmoja nilikuwa najifunza. Usiuhesabu."

Jina la Shangazi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mgonjwa wa miaka minne aliyegoma kutoka chumbani mpaka "shangazi" amvalishe kifaa kwa mkono wake. Wauguzi wakalidaka jina hilo, likabaki. Leo hata Daktari Mkuu, anayemzidi miaka miwili na yuko kazini kwa mkataba, humwita hivyo, naye huitika bila kucheka.

Aliajiriwa kama msaidizi wa stoo. Siku hizo hatukuwa na karakana. Kifaa cha kusikia kikiharibika kilitiwa kwenye bahasha, kikapelekwa mbali, kikarudi baada ya miezi mitano wakati mtoto ameshasahau alichokuwa akisikia. Shangazi aliomba chumba kilichokuwa cha mashuka, meza moja na taa yenye shingo ndefu. Kufikia mwaka wa tatu alikuwa anaunga waya mwenyewe, anabadilisha swichi, na kutengeneza vile vipande laini vinavyochukua umbo la sikio. Sikio la mtoto hukua, kwa hiyo kila baada ya miezi michache kipande hulegea, kifaa kikaanza kupiga mluzi, na mtoto akarudi kwake. Wapo aliowapima wakiwa bado wanatambaa, na sasa wanakuja wenyewe na ndevu zao.

Lakini sehemu ngumu ya kazi yake haikuhitaji bisibisi. Ilikuwa ni kuwaambia wazazi wangoje. Mtoto akivalishwa kifaa kwa mara ya kwanza, sauti humvamia zote kwa pamoja, na huchukua wiki nyingi kabla hajajua ipi ni mlango na ipi ni mama. Baba mmoja alirudi siku ya pili tu, akakitua kifaa mezani kwa kishindo. "Mashine yenu mbovu. Namwita, haitiki." Shangazi alikikagua, akakirudisha sikioni mwa mtoto, kisha akamuuliza, "Baba, wewe ulizaliwa usiku, asubuhi ukaamka unasalimia majirani?" Yule baba alicheka bila kupenda. Mtoto wake aliitika wiki ya saba.

Kwa desturi ya kliniki yetu, anayekaribia kustaafu huulizwa anataka zawadi gani. Dereva aliyemtangulia kustaafu alichagua kiti cha kuegemea. Shangazi alisema nyumbani kwake hakuna nafasi, afadhali zawadi yake iwekwe chumba cha kusubiria, ambako kuna televisheni inayozungumza na watoto wasioisikia. Alitaka tangi la maji ya chumvi, lenye samaki na matumbawe hai. Daktari Mkuu alipopendekeza samaki wa maji ya kawaida, ambao si wasumbufu, Shangazi alieleza kwamba matumbawe hukua polepole kama masikio: mtoto akirudi kubadilishiwa kipande, na aone tumbawe nalo limeongezeka upana wa kucha. Jambo moja tu aliliombea upendeleo. Samaki wa kwanza alitaka kumtia yeye, kwa mkono wake, kabla hajaondoka.

Tangi liliwekwa tarehe 17 Aprili. Likajazwa maji yaliyochujwa, chumvi ikapimwa, mawe yakapangwa, pampu na kipasha joto vikawashwa. Kisha hakikutokea kitu. Wengi wetu tulidhani limeharibika. Shangazi alitueleza kwamba uchafu wa samaki huzaa amonia, na amonia ni sumu. Wapo bakteria wanaoila na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo ni sumu pia, na wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaweza kuivumilia. Hao bakteria lazima waote juu ya mawe wenyewe, wiki baada ya wiki, na hawasukumwi na mtu. Ili kuwalisha, alitumbukiza kipande cha samaki mbichi kioze. Huyo ndiye samaki pekee aliyewahi kuingia humo.

Harufu ilipoanza, alikuja muuguzi anayesimamia usafi wa vyombo, ambaye sote tunamwita Sista Klorini. "Shangazi, kuna kitu kinaoza humu! Hapa kliniki au soko?"

"Mwache aoze, Sista. Ndiyo kazi tuliyomwajiria."

Kila siku saa mbili asubuhi Shangazi alichota maji kwenye vichupa viwili, akadondosha dawa ya kupimia, akasubiri dakika tano. Cha amonia kikiwa njano ni salama, kikiwa kijani ni hatari. Cha nitriti kikiwa buluu ni salama, kikiwa zambarau ni hatari. Aliandika rangi kwenye kalenda ya ukutani. Mwishoni mwa Mei amonia ilikuwa njano, nitriti imebakiza kidogo kuwa buluu, na mawe yamefunikwa na utando wa kahawia. Alitwambia utando huo ni dalili njema.

Hapo ndipo ofisi ilipojaza fomu ya usafi wa maandalizi ya sherehe ya kumuaga. Kwenye mstari wa chumba cha kusubiria, karani wa mapokezi aliandika maneno mawili: "Kila kitu." Sista Klorini ni mtu wa kufuata fomu. Jumamosi aliyatoa mawe yote, akayaloweka kwenye klorini kama anavyoloweka vyombo vya masikio, akayasugua mpaka yakawa meupe kama meno ya maziwa. Alikusudia kumfurahisha Shangazi. Kliniki nzima tumesomeshwa kuua vijidudu, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akivifuga.

Jumatatu Shangazi alisimama mbele ya tangi, mkoba ukiwa bado begani. Karani aliyejaza fomu, ambaye ndiye pia aliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu, alikuwa ameshaandaa barua ya kujieleza yenye kurasa mbili. Shangazi aliisoma yote, akasahihisha tarehe iliyokosewa, akaikunja na kumrudishia. "Itunze. Utaitumia siku ukikosea jambo kubwa." Kisha akaenda chumba cha vyombo, alikokuwa Sista amejifungia akilia, akagonga mlango. "Sista, toka unisaidie kusuuza."

Mawe yalisuuzwa mara saba, yakaanikwa juu ya paa siku tatu. Maji mapya yakachanganywa. Shangazi alikwenda kwenye duka la samaki wa mapambo akaomba jiwe moja chafu lenye bakteria, akarudi nalo kwenye ndoo, ameipakata kama mtoto mgonjwa. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na mbili. Hakuna aliyeijua hesabu hiyo vizuri kuliko yeye. Daktari Mkuu alipomwambia anaweza kumwombea mkataba wa wiki mbili zaidi, alikataa. "Hapana, Daktari. Nikibaki kwa ajili ya samaki, baadaye nitabaki kwa ajili ya konokono."

Alhamisi iliyopita alikuja msichana wa miaka mitano na bibi yake. Alikuwa na wiki ya tatu tangu avalishwe vifaa, na kwa wiki zote hizo alikuwa kama hajavalishwa kitu. Aliteremka kwenye benchi, akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akalizunguka tangi taratibu mpaka akafika pale bomba linaporudisha maji. Akaonyesha kwa kidole, akamtazama bibi yake.

"Ni maji hayo, mjukuu wangu," bibi alisema. "Ndivyo yanavyosema."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana yake na bisibisi mkononi. Aliingia ndani akafunga mlango, akatoka baada ya dakika kumi akiwaomba radhi waliokuwa kwenye foleni.

Jumanne wiki hii, yeye akiwa ofisi ya pensheni, kijana wa duka la samaki aliingia na mifuko miwili ya plastiki. Ndani mlikuwa na samaki wa rangi ya chungwa wenye milia myeupe. Daktari Mkuu alikuwa amewaagiza kwa nia njema, ili siku ya sherehe tangi lisiwe tupu. Sista Klorini alisimama mbele ya kioo, mikono kiunoni.

"Warudishe."

"Sista, mimi nimetumwa tu."

"Na mimi nimeachiwa ulinzi. Nitriti bado zambarau. Vijidudu vyangu havijakaa sawa."

Daktari Mkuu akatoka ofisini. "Sista, ni kwa siku moja tu. Tupige picha."

"Daktari, wewe mgonjwa mahututi unamtoa wodini akapigwe picha? Watoto wakija waone samaki wanaelea chali, utawaambia nini?"

Wazazi kwenye benchi walicheka kwanza. Daktari Mkuu alikuwa wa mwisho kucheka, lakini alicheka. Samaki wamerudi dukani, na wanatunzwa huko kwa jina letu. Shangazi aliposimuliwa, alimkabidhi Sista vichupa vyote vya vipimo papo hapo.

Kipimo cha leo, Jumatano tarehe 28: amonia njano kwa siku ya tatu mfululizo, nitriti zambarau iliyofifia. Kwa hiyo, wageni wetu wa Ijumaa, mtakachokiona ni maji, mawe, na utando wa kahawia ulioanza kurudi. Mnaombwa kwa heshima msikigonge kioo wala kutumbukiza chochote.

Shangazi anakwenda kwa mume wake, fundi saa aliyestaafu kabla yake, ambaye anasema sasa nyumba itakuwa na watu wawili wanaoinamia vitu visivyoonekana. Ametuachia agizo kwamba tusimngoje. Maji yakiwa tayari, samaki waingie siku hiyohiyo, maana si haki watoto kucheleweshwa na mstaafu.

Shangazi, kwa miaka thelathini na mmoja tumefanya ulivyosema, na tunakushukuru kwa kila sikio lililopita mikononi mwako. Kwa hili moja hatutakutii. Nitriti ikikaa buluu siku tatu, samaki watabaki kwenye mfuko wao juu ya maji mpaka uingie mlangoni. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na miaka mingi yenye furaha. Simu usiizime.