Siku Walikale Ilipopanda Bihambwe: Kumkumbuka Mama Joséphine-Marie Uwamariya

Wasikilizaji wapendwa, mwenye chungu motoni apunguze kuni kidogo, mwenye safari apumzike kando ya barabara, tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mama mmoja. Jina lake Joséphine-Marie Uwamariya. Alizaliwa Bihambwe, huku kwetu Masisi. Amefariki Jumanne iliyopita kule Walikale, alikofanya kazi ya uinjilisti kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Narudia kwa wanaofungua redio sasa hivi: Mama Joséphine-Marie Uwamariya, mzaliwa wa Bihambwe, ametutoka Jumanne kule Walikale.

Wengi wenu mnamfahamu kwa jina lingine. Mnamwita Mama wa Tetemeko. Yeye jina hilo hakulipenda hata kidogo. Alipokuja hapa studio mwaka juzi, nilimwita hivyo hewani, akanikata palepale. "Kaka, mimi sikuleta tetemeko. Nilileta unga."

Basi, tuanze mwanzo.

Baba yake, Mzee Nzabandora, alilima maharagi na viazi kwenye mlima juu ya Bihambwe. Watoto walikuwa wengi, lakini huyu alijulikana kwa sauti. Akiita mbuzi, jirani wa mlima wa pili anageuka. Mzee Nzabandora alizoea kusema: "Kengele ya kanisa ikipasuka, huyu mutoto njo tutamupandisha mu munara."

Aliolewa na Michel Hakorimana, seremala wa Bihambwe, mtu mpole, mhubiri wa Jumapili. Kanisa lao likawatuma Walikale, kwenye pori kubwa, kufungua kanisa dogo. Mama yake mzazi alilia siku nzima. "Mwanangu, kule mutakula nini?" Joséphine-Marie akamjibu: "Tutakula chenye wanakula."

Wasikilizaji wapendwa, haikuwa rahisi hivyo. Wiki hii nilimpigia simu jirani yake wa kwanza kule Walikale, anaitwa Mama Christian. Sikilizeni alivyoniambia: "Alipanda viazi mu udongo yetu kama vile iko Masisi. Vikaoza vyote, hata kimoja hakikubaki. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Na yeye akacheka kutupita sisi wote. Njo siku hiyo nilijua, huyu atabaki."

Akabaki. Mama Christian akamfundisha kupika majani ya porini na samaki wa moshi. Naye akawafundisha akina mama kushona. Na kulikuwa na jambo lingine. Wazee wengine kule bado wanashika desturi za zamani, na msimu ukifika, vijana wanaingia porini kwa jando. Wahubiri waliotangulia walikuwa wakiwafokea watu madhabahuni. Mama Uwamariya alifanya namna yake. Alienda kukaa na akina mama wa wale vijana, akapika pamoja nao, akaomba watoto warudi wazima. Kiongozi mmoja wa kanisa akamuuliza kwa nini. Akasema: "Papa, mama akiogopa juu ya mutoto wake, mimi ninakaa naye. Mahubiri itangoja."

Kisha Michel akafa. Ilikuwa homa kali, wakati wa mvua kubwa. Daraja limechukuliwa na maji, barabara ina risasi. Hakukuwa na njia ya kumrudisha Masisi. Akazikwa Walikale.

Kule Bihambwe alikuwepo mdogo wake Michel, Jean-Bosco. Habari zilimfikia kila kitu kikiwa kimekwisha. Alikasirika sana. Akatuma neno kwa shemeji yake: "Umemuacha kaka yangu mu pori, kama mutu hana kwao." Na tangu siku hiyo akakata salamu.

Mama Uwamariya ana binti mmoja, Nadine. Nadine aliniambia: "Kila Noeli Mama alikuwa anamupigia simu Baba Mudogo. Baba Mudogo anakata. Mama anatuangalia, anasema: basi, angalau simu yake iko inafanya kazi."

Anacheka Nadine akisimulia hayo. Lakini alisema pia kwamba baada ya kila simu, mama yake alikuwa anaenda nyuma ya nyumba peke yake.

Halafu, wasikilizaji wapendwa, likaja tetemeko.

Ilikuwa asubuhi. Watu wengi walikuwa shambani, na hilo ndilo lililookoa wengi. Ardhi ilitikisika, ikatulia, ikatikisika tena kwa nguvu zaidi. Nyumba za matofali zilianguka. Ukuta wa kanisa la Bihambwe ulilala chini. Na upande mmoja wa mlima ulimeguka, ukafunika nyumba na mashamba. Ndugu zetu wengi walikufa. Mlio mbali wala msijaribu kufikiri ilivyokuwa. Walio karibu hawajasahau.

Kule Walikale sufuria zilitikisika tu. Habari ilifika kwa simu. Jumapili Mama Uwamariya akasimama mbele ya kanisa lake, akasema: "Wakwetu wamefunikwa na udongo. Naomba tuende."

Hakuna aliyeinuka. Mnajua kwa nini. Mnajua mambo yaliyopita kati ya watu wa milima na watu wa pori. Kila upande una makaburi yake. Akasimama mzee mmoja, Papa Jean-Luc, mwindaji, mtu anayeheshimiwa kijiji kizima.

"Mama," akasema, "sisi tunakupenda. Lakini watu wa Masisi wanatuita nyama ya pori. Leo njo tuwabebee chakula ku kichwa?"

Mama Uwamariya hakuhubiri. Alimwangalia tu. "Papa Jean-Luc, ni nani alichimba kaburi ya Michel?"

"Ni mimi."

"Michel alikuwa mutu wa wapi?"

Mzee akakaa. Kanisa zima linamtazama. Akainuka tena, akasema: "Mimi nitabeba shoka. Kama nyumba zimeanguka, watahitaji miti."

Ndivyo Walikale ilivyopanda Masisi. Nani hakuwaona? Wengine kwa pikipiki, wengi kwa miguu. Unga wa muhogo, mawese, ndizi, samaki wa moshi, misumeno, mashoka. Walipita Nyabiondo wakiimba. Na mbele yao, mama mwenye nywele nyeupe amevaa buti za marehemu mume wake, zinampwaya.

Walipofika Bihambwe, watu walikuwa wanalala chini ya bashe za plastiki na majani ya migomba. Jambo la kwanza likawa ugomvi. Mjumbe mmoja wa komite ya pale alisema chakula kianze kwa waumini wa kanisa lao, wengine watafuata. Mama Uwamariya alipaza ile sauti ya kuitia mbuzi: "Tetemeko ilimuuliza mutu anasali wapi? Haikuuliza! Basi na sisi hatuulizi!" Akaanza kugawa. Waliokuwa karibu wanasema hata watoto waliokuwa wakilia walinyamaza.

Sasa kuna jambo ambalo hakupenda kulisimulia. Nitalisema kwa ufupi, kwa heshima. Kulikuwa na bibi mmoja, Mukandori, amefunikwa na nyumba yake. Sauti yake ilikuwa inasikika. Vijana wa Bihambwe na vijana wa Walikale walichimba pamoja kwa mikono, maana majembe yangeweza kumuumiza. Mama Uwamariya alilala kifudifudi kwenye matope, akapitisha mkono kwenye tundu, akaushika mkono wa yule bibi. Walizungumza. Walizungumza juu ya mbegu za maharagi, ipi inazaa vizuri. Walipomfikia, Mukandori alikuwa amekwisha kuondoka. Mama Uwamariya alimuosha mwenyewe. Siku ile hakula, na hakuna aliyesikia sauti yake.

Jean-Bosco je? Jean-Bosco alikuwa hai. Nyumba yake ilikuwa chini, mke wake Chantal amevunjika mguu. Alikuwa amekaa kwenye migomba yake, hataki kusema na mtu. Shemeji yake alimpelekea unga. Akausukuma kando. "Chakula ya watu wa pori sikuli."

Mama Uwamariya aliweka ule unga karibu na Chantal, akaenda zake.

Chantal mwenyewe ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Kesho yake asubuhi alikuja mzee mmoja na shoka. Hakuomba ruhusa. Alianza kukata boriti zilizoanguka na kuzipanga, nzuri upande huu, mbovu upande ule. Jean-Bosco alivumilia, alivumilia, mwishowe akasimama.

"Weye ni nani, unaingia mu nyumba yangu?"

Yule mzee aliendelea kukata. "Mimi njo nilimuzika kaka yako."

Chantal anasema aliogopa. Alidhani mume wake atachukua panga. Lakini Papa Jean-Luc aliweka shoka chini, akaketi juu ya boriti, akaanza kueleza polepole, kama mtu anayetoa hesabu ya mali ya watu. "Tulimuosha kwa maji ya moto. Tulimuvalisha koti yake ya Jumapili. Wake zetu walilala chini karibu naye, hawakumuacha peke yake. Kwetu, mugeni akifa, tunamulaza kichwa upande wenye alitoka, asipotee njia. Kichwa ya Michel iko inaangalia huku. Kila mwaka ninafyeka majani pale. Mutu akikuambia kaka yako iko mu pori peke yake, amekudanganya."

Jean-Bosco alilia. Chantal anasema hakuwa amelia tangu tetemeko, wala tangu kifo cha Michel. Alilia kama mtoto, kichwa kwenye magoti. Alipomaliza, aliuliza jambo moja tu: "Umekula?" Kisha akashika upande wa pili wa boriti, wakaibeba wawili.

Jioni alikwenda kumtafuta shemeji yake. Hatujui waliambiana nini. Nadine alijaribu kuuliza. Mama yake alimjibu: "Mambo ya wakubwa."

Msidhani mama huyu hakuogopa. Ardhi iliendelea kutikisika kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na hakuna aliyekimbia kama yeye. Siku moja ilitikisika akiwa chooni. Bihambwe nzima ilimuona akitoka mbio, kikwembe cha kiunoni mkono mmoja, Biblia mkono wa pili. Vijana waliangua kicheko, cha kwanza tangu maafa. Akasimama akihema, akasema: "Chekeni, chekeni. Mungu ananiita, lakini si pale!"

Walijenga kwa miti, nyumba nyepesi, za namna ya Walikale, zisizoua zikianguka. Kazi ilifanywa salongo, kwa pamoja bila malipo, watu wa pori na watu wa milima kwenye paa moja. Ilipokwisha, Bihambwe walimwomba abaki. Nyumba walikuwa wamekwisha kumjengea. Akaikabidhi kwa mjane mmoja, akafunga buti, akarudi Walikale. Kiangazi kilichofuata Jean-Bosco alishuka kwa miguu kwenda kuona kaburi la kaka yake.

Wasikilizaji wapendwa, mwaka huu mto ulifurika Walikale. Mashamba ya muhogo yalikwenda na maji. Mlisikia habari hapa hapa redioni. Bihambwe hawakungoja kuombwa. Akina mama walikusanya maharagi na viazi, lori likashuka, likakwama matopeni, na sehemu ya mwisho magunia yalibebwa kichwani.

Mama Uwamariya alikuwa kitandani, moyo umechoka. Nadine anasema: "Nilimuambia, Mama, watu wa Bihambwe wamefika na magunia. Alikuwa amefunga macho. Nilidhani hasikii. Akafungua, akaniuliza: 'Wenye walibeba, wamekula?' Nikamuambia, bado, Mama, wanapumzika. Akasema, 'Sasa unafanya nini hapa? Enda upike.' Nikaenda kupika. Waliponawa mikono, nilirudi kumuambia. Alikuwa amelala usingizi mzuri. Kesho yake njo alituacha."

Kwa niaba ya redio hii, tunatoa pole kwa Nadine na watoto wake. Pole kwa Papa Jean-Bosco na Mama Chantal. Pole kwa Mama Christian, kwa Papa Jean-Luc, na kwa waumini wote wa Walikale na Bihambwe. Mungu awatie nguvu, na Mama Joséphine-Marie Uwamariya apumzike kwa amani.

Na sisi tunaobaki, tujiulize kidogo. Kila mmoja wetu ana watu anaowaita jina baya, ng'ambo ya mlima ao ng'ambo ya mto. Leo, kabla hamjazima redio, mfikirie mmoja wao. Kisha muulize, kama yuko karibu, yule aliyewaletea maji, kuni, ao habari: umekula? Kama bado, chungu si kiko motoni? Mpakulieni.