Amiri na Makombora Yasiyofika

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matofali, katikati ya kibanda cha kinyozi na cha fundi redio, na kuanzia alasiri birika la kahawa halibanduki hapo. Jumamosi hiyo walikuwepo wale wale: Waya, fundi redio, Mzee Stempu, mstaafu wa posta, na kinyozi mwenyewe, ambaye kijiwe kizima kilimwita Amiri kwa kuwa hajawahi kushindwa mchezo wa manowari kwenye simu. Hajawahi, mpaka jana. Jana alizamishwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, muuguzi, tena mbele ya wateja. Leo ni marudiano, na atakayeshindwa ndiye asiyestahili jina. Kahawa ilimpolea Amiri mkononi.

— Namfukuza, alilalamika. Meli sawa, mizinga sawa, mwendo sawa. Makombora yangu yanatumbukia majini nyuma yake. Yake yananipata usoni, pwaa! Hapa pana mkono wa mtu.

— Upepo huo, alisema Mzee Stempu.

— Upepo gani ndani ya simu, mzee wangu?

— Na hayo maji yaliingiaje?

Waya alitikisa kichwa.

— Si upepo, ni betri. Yako ilikuwa imejaa?

— Ilikuwa inaelekea kuzima.

— Unaona! Mzinga una njaa. Mwenye njaa anarusha jiwe mbali?

— Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, alidakia Mzee Stempu. Wewe ndiye uliyemfuata, kwa hiyo wewe ni mgeni. Kombora lilikuja kukupokea.

— Mzee, methali hiyo umeivalisha viatu vya mwenzake.

— Basi ni ile simu ya muuguzi, alisema Waya. Imelala mfuko mmoja na sindano tangu inunuliwe. Imejifunza kulenga!

Amiri hakucheka. Jina lile alilipenda. Hata mkewe, akitaka amletee maji, humwita Amiri. Akainuka ghafla, akachukua sponji mbili za kuoshea vichwa, zinachuruzika povu, moja akampa Waya.

— Waya, kimbia. Mimi nakufukuza. Kila mtu atupe yake.

Wakatimka barabarani, watu wazima wawili, Mzee Stempu akipiga makofi kama refa aliyepoteza filimbi. Sponji ya Amiri ikamnasa Waya kisogoni. Ya Waya, aliyoirusha nyuma bila kusimama, ikampasukia Amiri kifuani. Sare.

— Mbona hapa yangu imefika? Amiri alihema, povu likimtiririka.

— Shemeji, siku hizi mnaogea barabarani?

Alikuwa muuguzi, sare ya kazini bado mwilini. Walipomweleza, alicheka mpaka akaushika ukuta. Angeweza kunyamaza. Lakini alikaa, akamiminiwa kahawa, akasema:

— Hapa mtaani, shemeji, sponji inatoka mkononi na mbio zako ndani yake. Kwenye ule mchezo kombora likishatoka halijui meli ilikuwa inakimbia. Lina mwendo wake na mwisho wake, basi. Lako likinifuata, nimeshasogea, linachoka njiani. Langu, wewe mwenyewe unalikimbilia.

— Kumbe nilikuwa naliendea?

— Kama mtu aliyeitwa kula.

Amiri alijifuta shingo taratibu.

— Sasa mbona umenifunulia?

— Nikushinde hujui kitu, dada nitamtazamaje?

Wakawasha simu. Na hapo ndipo ilipokuwa kazi, kwa maana sasa wote wawili walijua. Amiri akageuza manowari zake, akashika njia ya kaskazini. Shemeji akageuza zake, akashika ya kusini. Kila mmoja alimwonyesha mwenzake mgongo, mizinga ikitazama nyuma, akingoja kufukuzwa. Bahari ikabaki tupu katikati.

— Njoo basi, shemeji, alibembeleza Amiri.

— Tangulia wewe, shemeji. Wewe ndiye Amiri.

— Mbio za sakafuni huishia ukingoni, alisema Mzee Stempu, na kwa mara ya kwanza siku ile methali yake ikaangukia mahali pake, maana meli zilikuwa zimegota kwenye kingo za ramani.

Mama mmoja aliyekuja kuchukua redio yake kwa Waya alisimama nyuma ya benchi, akachungulia simu hii, akachungulia ile.

— Samahani, wanangu. Hii ni vita?

— Vita kali, mama, alisema Waya.

— Kama kila mmoja anamkimbia mwenzake, atashinda nani?

Mzee Stempu alitafuta kikombe cha ziada. Amiri alikuna kidevu, akaitazama ile bahari tupu, kisha akajivuta ubaoni, akapapasa nafasi aliyoiacha.

— Mama, alisema, hebu kaa kwanza.