Daktari Aliyeniita Mama

Sogeeni, wanangu, nyote watatu, na aliye karibu na dirisha alifunge, maana sauti yangu leo haiwezi kushindana na honi za barabarani. Msilie. Mkilia nitanyamaza, na nikinyamaza nitaondoka na haya moyoni.

Yule daktari mnamjua. Alianza kwa kunitibu presha, akaishia kula mezani kwangu kila Jumapili, akaniita mama, nami nikamwita mtoto wa nyumba. Tangu hapo sikukaa tena kwenye benchi la zahanati. Alinipima sebuleni, kwenye kochi, baada ya chakula, televisheni ikipiga kelele. Nilijiona nimepata. Kumbe!

Tumbo liliponianza akanipeleka kupigwa picha, akarudi na majibu, akasema, "Vidonda vya tumbo tu, mama, punguza pilipili." Mwaka mzima nikapunguza pilipili. Na ukweli akaupeleka kwako wewe, kifungua mimba wangu, mkaunong'ona kibarazani kwangu, mkakubaliana mama asijue, mama atavunjika moyo. Nani aliwaambia moyo wangu ni wa udongo? Nilimzika baba yenu, na kesho yake nikakaa kwenye cherehani ili mle.

Alipokwenda likizo ndipo nikaenda zahanati mwenyewe, nikamkuta daktari mgeni, mwanamke asiyecheka, wala hakuniita mama. Akafunga mlango, akauliza, "Ungependa kujua kila kitu?" Jamani, swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikasema ndiyo. Akaniambia ni saratani, imeshaenea, kisha akaniacha nilie mpaka nikamaliza.

Mwaka jana ningepasuliwa, au ningekataa, lakini ningekataa mimi. Ningepanda basi kumwona dada yangu nikiwa na miguu yangu. Mmeniibia mwaka, wewe na yule daktari, watu niliowapakulia kwa mkono huu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema yakifichwa na wengine humuumbua nani. Inaniuma kuliko hilo tumbo.

Sasa shikeni haya. Nyumba ni yenu nyote, asiiuze mmoja. Cherehani ni ya wa kati, ndiye mwenye subira ya uzi. Kifungua mimba, funguo usizishike wewe. Nimekusamehe kwa kuwa nimekuzaa, ila kukuamini siwezi tena, na sina muda wa kujifunza upya. Daktari akija mazikoni msimfukuze, mpeni kiti kama mgeni yeyote, lakini mtoto wa nyumba asiitwe.

Nipeni maji... basi, yanatosha.

Nawe kitinda mimba, daktari wangu mpya uliyetoka chuoni, tangu juzi unanigusagusa tumbo na kukwepa macho yangu, na jana nilipokuuliza zimebaki siku ngapi ukasema, "Utapona, mama." Umeanza, eeh? Usinitibu, mwanangu. Mwachie yule asiyecheka. Yeye hana mama wa kupoteza hapa. Na wagonjwa wako uwapende, lakini wasiwe ndugu zako, ili siku ya neno gumu ulimi wako usikwame.

Vua koti hilo. Litundike mlangoni. Njoo ukae hapa kitandani... karibu zaidi. Mungu awape... awape mtu wa kuwaambia kweli, na nguvu ya kuisikia. Nipe mkono. Si hapo pa mshipa... kiganja. Ndiyo, hivyo.

Shika tu, mwanangu. Usihesabu.