Kufuli Aliloliondoa Vincent Koome

Kwa niaba ya Mama Wahu, mabinti wake wawili na ukoo mzima, tunawasalimu nyote mliofika katika uwanja huu wa kanisa, mliosafiri kutoka Meru na mliotembea kutoka mtaa wa Iftin, na nyinyi majirani zetu Waislamu mliofunga maduka mkaja kuketi nasi, na tunawaomba subira, kwa kuwa historia hii ina sehemu ambayo si desturi kusomwa mbele ya jeneza, ila marehemu mwenyewe aliagiza isomwe, na mkewe akasema itasomwa. Anayewasomea ni mdogo wake, Mwiti, ambaye angependa kupewa kazi nyingine leo.

Vincent Koome alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974 huko Mikinduri, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa marehemu Mzee M'Ikiara na Mama Salome Kinya, na tangu utotoni alikuwa mtu asiyetulia, ambaye hata uji aliunywa akiwa amesimama, akatembea nao hadi kwa jirani na kusahau kikombe huko. Alianza shule ya msingi mwaka 1981, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1988, akajiunga na shule ya upili mwaka 1989, ambako alirudishwa nyumbani wiki mbili kwa kufungua kengele ya umeme ili ajue kwa nini inachelewa dakika mbili, akarudi na jibu, akamaliza mwaka 1992, kisha akasomea stashahada ya umeme na elektroniki jijini Nairobi kuanzia mwaka 1994 hadi 1997.

Kazi ya kwanza aliipata mwaka 1998 katika kiwanda kimoja Athi River, akaiacha, ya pili katika kampuni ya kutengeneza lifti, akaiacha pia, na mwaka 2003 alipokuja Garissa kufundisha elektroniki katika chuo cha ufundi, ukoo ulikaa ukampa miezi sita, ukakosea kwa zaidi ya miaka ishirini. Hapa ndipo alipokutana na Mwalimu Wahu wa hisabati, wakafunga ndoa tarehe 11 Desemba 2004, Mungu akawajalia Kinya, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 2006, na Wanji, aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 2009, wote wawili wakikisema Kisomali vizuri kuliko Kimeru, jambo lililomsononesha bibi yao na kumchekesha baba yao.

Mwaka 2016 yeye na aliyekuwa mwanafunzi wake, Abdilatif Duale, walifungua karakana ndogo Iftin, wakawa wanaunda mitambo ya kuongoza pampu za sola katika visima virefu vya wafugaji. Ndani ya kila mtambo mlikuwa na prosesa mbili, yaani bongo mbili za kompyuta, moja ikipima kina cha maji na kukiandika, nyingine ikisoma kilichoandikwa na kuamua pampu iwake au izime, zote zikitumia kumbukumbu moja, kama walimu wawili wenye ubao mmoja, na marehemu alipenda kutukumbusha, hata mezani, hata harusini, kwamba katika kazi kama hiyo jibu sahihi lililochelewa ni jibu baya. Ili mmoja asisome ubao wakati mwenzake hajamaliza kuandika, aliweka ndani ya programu kitu anachokiita fundi kufuli, kwamba anayeutumia ubao anaufunga, na mwingine anangoja zamu yake, sawasawa na mifugo inavyongojeana penye hori la maji.

Tarehe 2 Oktoba 2019, siku moja kabla ya kisima cha Sangailu kuzinduliwa, hema likiwa limeshasimamishwa na wageni wa heshima wakiwa njiani, alijaribu mtambo mbele ya maofisa wa maji, na pampu ikachukua sekunde tisa kuitikia, kwa sababu kijikazi kidogo cha kutuma ujumbe wa simu ofisini kilikuwa kimeshika kufuli na kukaa nalo kwa kukatizwa kila mara na kazi nyingine, huku kazi kubwa ya kuongoza pampu ikisubiri nje. Maofisa wakatazamana, mmoja akacheka, na Vincent, ambaye hakuwahi kuvumilia kuchekwa wala kungoja, akafungua kompyuta yake na kuliondoa kufuli kabisa, akijiambia kwamba atalirudisha wiki inayofuata. Pampu ikaitikia papo hapo, kesho yake watu wakapiga makofi, na programu hiyo hiyo ikanakiliwa katika visima vingine vinane, wala wiki inayofuata haikufika.

Kosa hilo lilingoja kiangazi, maana lilihitaji maji yashuke hadi kina fulani ndipo namba ya kina, ambayo huandikwa kwa vipande viwili kimoja baada ya kingine, ibadilike vipande vyote viwili kwa pamoja, na tarehe 21 Februari 2022, ukame ukiwa umeshika nchi nzima huku kwetu, prosesa moja ilisoma nusu ya namba mpya na nusu ya namba ya zamani, ikapata kina ambacho hakijawahi kuwepo kisimani, ikaamini maji ni tele, ikaiacha pampu izunguke ikiwa kavu hadi mota ikaungua. Sangailu ikakaa siku kumi na tisa bila maji, mbuzi wakafa, ngamia wakafa, watu wakagombana kwenye malori ya maji, na mhudumu wa pampu, Ndugu Jelle Korane, aliitwa mbele ya kikao akasema maneno ambayo marehemu alitutajia mara nyingi, "Wallahi injinia, mimi sijagusa hiyo kitu." Injinia huyo alikuwa Vincent, na ripoti iliyosema kwamba mhudumu aliichezea swichi ili ngamia wa jamaa zake wanyweshwe nje ya zamu iliandikwa na Vincent, kwa mkono wake, bila kufungua programu yake hata mara moja, naye Jelle akafutwa kazi, akatolewa katika kamati ya maji, na waliofiwa na mifugo wakaacha kujibu salamu yake.

Siku ya Idi, mwezi Aprili mwaka 2023, mota ya Bute, kimojawapo cha vile visima vinane, iliungua vivyo hivyo, ila huko mji mzima ulikuwa kwenye swala, chumba cha pampu kimefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwenyekiti wa kamati, Mzee Aweys, ambaye alipiga simu akauliza kwa utani kama mashine nayo ilitaka sikukuu. Mama Wahu anakumbuka kwamba marehemu hakucheka, aliiweka simu chini, akasema jina la Jelle, akatoka nje na kuuzunguka ua mpaka chakula cha mchana kikapoa.

Tangu siku hiyo nyumba yao haikuwa na utulivu. Meza ya kulia chakula ilijaa mitambo na nyaya, watoto wakala mapajani, na baba yao akawa anaamka katikati ya sala na katikati ya habari kwenda kutazama taa ndogo zinazopepesa, mpaka akaweza kulifanya kosa litokee mbele ya macho yake, kisha akalitafutia dawa, nayo ilikuwa kurudisha kufuli pamoja na sharti kwamba kazi ndogo ikilishika huku kazi kubwa inangoja, hiyo ndogo ipewe cheo cha kubwa hadi imalize, ili pasiwe na wa kuikatiza njiani. Tarehe 6 Februari 2024 madaktari walimwambia ana saratani ya umio, akawauliza amebakiwa na muda gani, nao walipomjibu akarudi kwenye meza, na kufikia tarehe 12 Machi 2025 yeye na Abdilatif walikuwa wamebadilisha programu katika visima vyote tisa, vingine akivifikia amelala kiti cha nyuma.

Lakini visima ni visima, na mtu ni mtu. Aliiandikia ofisi husika barua akikiri kosa, akajibiwa kwamba suala hilo lilishafungwa. Alikwenda Sangailu mara tatu, mara mbili Jelle alikuwa malishoni, na mara ya tatu alimkuta, akakaribishwa, akanywa chai ya maziwa ya ngamia, akauliza hali ya mbuzi, akauliza hali ya watoto, akaaga, akarudi Garissa bila kulisema neno alilolifuata kilomita zote hizo. Tulimpenda sana kaka yetu, na tunasema wazi kwamba hapo aliogopa.

Alifariki tarehe 9 Juni 2025, saa tisa na robo alasiri, akiwa na mkewe na binti zake. Kwenye kikao cha familia wapo waliosema marehemu hasemwi vibaya, Mama Wahu akawauliza aliye hai je, anasemwa vibaya hadi lini, na kikao kikaishia hapo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Garissa na Nairobi, majirani wa Iftin mliotuletea chakula kila siku ya msiba, walimu na wanafunzi wa chuo, na Abdilatif, aliyembeba mgongoni pale ambapo gari halikufika. Tunamshukuru pia Ndugu Jelle Korane, ambaye tulimwomba aje bila kumweleza sababu, naye akaja, ameketi upande wa kushoto pamoja na mkewe Kaaha, na mbele yake wapo wazee wa kamati ya Sangailu, ambao tuliwaita makusudi ili wasikie kwa masikio yao.

Ndugu Jelle, hukuigusa ile swichi. Aliyekosea ni Vincent, alijua, na anakuomba msamaha, nasi pamoja naye. Koome, tumelisema kama ulivyotaka, mtu mwenyewe amesikia. Sasa tulia, upumzike kwa amani.